Mcheduara Haukaririwi, Hujazwa

Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumejifunza tangu mwaka wa kwanza, tumeiandikia insha, na katika mitihani tumeeleza kwamba inafundisha subira na kuweka akiba. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuulizwa kibaba chenyewe ni nini? Kibaba ni kipimo cha nafaka. Vibaba viwili hufanya kisaga kimoja, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Kabla methali hiyo haijawa na maana ya ndani, ina maana ya nje, na maana hiyo ya nje ni hesabu ya ujazo. Waliotunga usemi huo walijua kupima kilichomo ndani ya chombo, na walijua kukieleza kwa lugha yao.

Nimeanza hapo kwa sababu nataka kuzungumzia somo ambalo wengi watashangaa kulikuta katika mkusanyiko wa insha za wanafunzi wa Kiswahili: ujazo wa mcheduara. Ni somo dogo la jiometria ambalo kila mtoto wa Uganda hukutana nalo mwishoni mwa shule ya msingi na tena katika sekondari ya chini. Madai yangu ni mawili. La kwanza, somo hili linafundishwa vibaya, kwa kuwa linaanza na herufi na kuishia kwenye herufi. La pili, Kiswahili kina maneno yanayoweza kulirudishia maana, na ni aibu kwamba maneno hayo yamefungiwa kabatini huku idara zetu zikijadili kila mwaka kama lugha hii ina nafasi nchini au haina.

Tuangalie kwanza linavyofundishwa. Yeyote aliyewahi kwenda mazoezi ya kufundisha anaijua picha hii. Mwalimu anachora umbo ubaoni: duara juu, duara chini, mistari miwili pembeni. Anaandika V, alama ya usawa, pai, r yenye mbili ndogo juu yake, kisha h. Darasa zima linaimba. Halafu unatolewa mfano mmoja, mazoezi kumi, na kengele inalia. Hakuna maji yaliyomiminwa wala chombo kilichoshikwa. Mtoto anaondoka na wimbo wa herufi, na wimbo huo utadumu hadi siku ya mtihani, labda na wiki moja zaidi.

Matokeo yake yanaonekana katika swali lolote la kawaida. Chukua pipa la mafuta, lile la chuma ambalo watu wengi hulitumia nyumbani kuhifadhi maji ya mvua. Kipenyo chake ni kama sentimita 57 na kimo chake ni kama sentimita 85. Nusukipenyo basi ni 28.5. Ukizidisha 28.5 kwa 28.5, kisha kwa 3.14, unapata eneo la kitako linalokaribia sentimita za mraba 2,550. Ukizidisha na kimo, unapata sentimita za ujazo zipatazo 216,800, yaani lita 216 na ushei. Hilo ndilo pipa tunaloliita la lita 200, na nafasi kidogo inayobaki juu.

Sasa mwanafunzi mwingine anachukua 57 yote na kuiweka mahali pa r, kwa kuwa swali limempa 57 na wimbo unataka namba. Jibu lake linakuwa lita 867. Analipigia mstari mara mbili na kufungua ukurasa mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mtoto huyo huyo huamka alfajiri kuchota maji. Anajua kwa mgongo na shingo yake kwamba pipa la nyumbani hujazwa na jerikeni kumi na chache za lita 20. Lita 867 ni jerikeni 43! Kama kuna mtu duniani asiyepaswa kudanganywa na jibu hilo, ni yeye. Lakini hashtuki, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba V ya ubaoni na pipa la uani ni jambo moja. Maarifa aliyonayo yameachwa nje ya mlango wa darasa, na ndani ya darasa amepewa herufi tatu zisizojua maji ni nini.

Wapo watakaosema hilo ni kosa la mwalimu mmoja mmoja, wala halihusiani na lugha. Sikubali. Tuyatazame maneno yenyewe.

Neno la Kiingereza "cylinder" lina asili ya Kigiriki, na asili hiyo ina maana ya kitu cha kubingirisha. Ni jina zuri, lakini halimsaidii mtoto kupata ujazo. Linamwambia tu kwamba umbo hilo hubingirika. Sasa tazama neno mcheduara. Ni mche, na ni duara. Mche ni nini? Nenda dukani uombe mche wa sabuni. Utapewa kipande kirefu kilichonyooka, ambacho mwenye duka hukikata vipande kwa wale wasioweza kununua chote. Popote anapokata, uso unaoonekana ni uleule. Hiyo ndiyo siri nzima ya mche katika hisabati: umbo ambalo kila kikato chake kilicho sambamba na kitako ni sawa na kitako. Kwa hiyo, ukijua eneo la kikato kimoja na urefu wa mche, umejua sabuni yote iliyomo. Ujazo ni eneo la kitako mara kimo.

Kitako kikiwa cha mstatili, ni mchemstatili. Kikiwa cha pembetatu, ni mche wa pembetatu. Kikiwa duara, ni mcheduara. Kanuni ni ileile moja. Kinachobadilika ni namna ya kupata eneo la kitako. Mtoto aliyeelewa hivyo hana kanuni tatu za kukariri. Ana wazo moja, na jina la umbo linamkumbusha kila anapolitamka: huu ni mche, na kitako chake ni duara, basi tafuta eneo la duara na ulizidishe na kimo. Mimi naona hilo ni jina linalobeba kanuni yake mgongoni kama mama abebavyo mtoto.

Endelea na neno nusukipenyo. Nimesema kosa kubwa katika somo hili ni kuweka kipenyo mahali pa nusu yake, na kosa hilo halizidishi jibu mara mbili, bali mara nne, kwa kuwa namba hiyo huzidishwa kwa yenyewe. Kiswahili kimeweka onyo ndani ya neno. Ukisema nusukipenyo, umeshasema nusu. Kipenyo nacho kinatokana na kupenya, yaani mstari unaoingia upande mmoja wa duara, ukapita katikati na kutokea upande wa pili. Na ujazo? Ujazo unatokana na kujaa na kujaza. Ni jibu la swali ambalo mtoto wa kijijini analiuliza kila siku: chombo hiki kitajaa kwa kiasi gani?

Maneno haya si ndoto. Ukivuka mpaka pale Mutukula, utawakuta watoto wa shule za msingi za serikali ya Tanzania wakisoma Hisabati kwa Kiswahili, na mcheduara, kitako, kimo na nusukipenyo ni maneno ya vitabu vyao. Kazi ya kuunda istilahi imeshafanyika. Sisi tuliobaki upande huu tunakataa hata kuziazima.

Sasa nijibu pingamizi, kwa maana ninazijua na nyingine ni nzito.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba hisabati ni ya kisasa na ya kimataifa, kwa hiyo lazima ifundishwe kwa lugha ya kimataifa. Historia ya umbo hili inasema vingine. Mnamo mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mkusanyiko wa maswali ya hesabu ambao leo umehifadhiwa London kwa jina la Mafunjo ya Rhind. Katika swali la 41 anauliza ujazo wa ghala la nafaka la mviringo lenye kipenyo cha dhiraa 9 na kimo cha dhiraa 10. Anaagiza hivi: toa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, ibaki 8, zidisha 8 kwa 8, upate 64, zidisha 64 kwa 10, upate 640. Sisi kwa pai yetu tunapata kama 636. Tofauti haifiki hata moja katika kila mia.

Tazama mambo mawili hapo. Ahmes hakuwa na V wala r wala h, na alipata jibu. Alikuwa na ghala, nafaka, na lugha ya watu wake. Tena alikaa kwenye mto huohuo unaotoka kwetu Jinja! Somo la mcheduara lilikuwa limekwisha kuandikwa Afrika, katika bonde la Nile, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya kuwapo lugha inayoitwa Kiingereza. Anayesema kwamba umbo hili haliwezi kuelezwa kwa lugha ya Kiafrika amechelewa kwa zaidi ya miaka 3,500.

Mfano mwingine unatoka Ulaya yenyewe. Mwaka 1638 Galileo Galilei alichapisha kitabu chake kuhusu sayansi mbili mpya. Wakati huo lugha ya wasomi wa Ulaya ilikuwa Kilatini, lakini sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiandika kwa Kiitaliano. Ndani yake anaeleza jambo ambalo kila mkulima wa Teso au Acholi angelipenda. Ukiwa na kitambaa kimoja cha mstatili na ukakizungushia ubao wa kitako ili kupata gunia la nafaka, je, ni sawa kukizungusha kwa upande huu au ule? Jibu ni kwamba si sawa: gunia fupi na pana linabeba zaidi ya gunia refu na jembamba, ingawa kitambaa ni kilekile.

Jaribu na karatasi ya kawaida ya A4, yenye sentimita 21 kwa 29.7. Ikunje iwe mcheduara mrefu, na nyingine kama hiyo ikunje iwe mcheduara mfupi. Ule mrefu unachukua kama sentimita za ujazo 1,042, na ule mfupi kama 1,474. Simamisha mrefu ndani ya mfupi, ujaze maharage hadi juu, kisha uvute ule mrefu polepole. Maharage yanashuka na kuacha nafasi tupu. Darasa ambalo lilikuwa limesinzia litaamka, kwa kuwa wengi watakuwa wamebashiri kwamba vyombo viwili vya karatasi moja lazima vilingane. Somo hilo linahitaji karatasi mbili na maharage tu, na anayejenga kihenge cha mkeka nyumbani kwao ataondoka na maarifa ya kumfaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kiswahili nacho ni lugha ngeni kwa watoto wengi wa Uganda, basi kwa nini tumtoe mtoto katika ugeni mmoja na kumtia katika ugeni mwingine? Hili nalikubali kwa sehemu. Mtoto wa Kiacholi, wa Kiteso au wa Kilugbara hatausikia undugu wowote katika neno ujazo. Lakini Mganda anayesema okujjula, Mnyankole anayesema okwijura, na jirani yetu Mnyarwanda anayesema kuzura, wote wanasikia kujaa. Kwa watoto wa lugha za Kibantu, ambao ni wengi nchini, neno hilo linakuja kama binamu. Na kwa wale wengine, hata kama neno ni geni, ni geni linaloweza kufunguliwa: ukishafundishwa mche na duara, mcheduara unajieleza. Isitoshe, sidai kwamba Kiingereza kifukuzwe darasani. Mtihani wa taifa ni wa Kiingereza na mtoto lazima aufaulu. Ninachodai ni kwamba wazo liingie kwa mlango ulio wazi kwanza, kisha lipewe jina la Kiingereza.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wenzetu wa hisabati: hata kwa Kiswahili, mwalimu mvivu atawaimbisha watoto "pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo mara kimo" na mambo yatabaki yaleyale. Ni kweli kabisa. Kiswahili si dawa ya uvivu. Neno zuri lisilofafanuliwa ni kelele tu, na mcheduara unaokaririwa hauna nafuu juu ya V inayokaririwa. Ndiyo maana nasema kwanza maji, kisha maneno, kisha kanuni, na herufi zije mwisho. Lakini ukishafuata mpangilio huo, lugha ambayo maneno yake yanafunguka itakusaidia kuliko lugha ambayo maneno yake yamefungwa.

Kwa nini nashupalia umbo moja dogo hivi? Kwa sababu asiyelijua anaibiwa. Sokoni maharage na njugu hupimwa kwa kopo. Chukua kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 12. Kitako chake kina eneo la sentimita za mraba 78.5, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 942. Muuzaji mjanja anagonga kitako kutoka chini hadi kinapanda ndani sentimita 2. Kwa nje kopo ni lilelile, mdomo ni uleule, na maharage yanafurika juu kama kawaida. Ndani, kimo kimekuwa sentimita 10, na ujazo umeshuka hadi 785. Fanya hesabu: makopo sita ya namna hiyo ni sawa na makopo matano halali. Mama wa watu amelipia sita na amebeba tano, na pengine mwanawe aliyesimama pembeni ameshinda asubuhi akiimba kanuni ileile ambayo ingemwokoa.

Hayo ndiyo yaliyo hatarini. Matangi ya maji tunayanunua kwa lita, visima vinachimbwa kwa mita, na mitungi ya maziwa inapokelewa vituoni kwa kipimo cha mwenye mtungi. Maisha yetu yamejaa micheduara, na aliyefundishwa herufi tupu anapita katikati yake kama kipofu.

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikipitisha tena na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia. Lakini lugha gani itafundishwa? Kama ni "habari za asubuhi" na orodha ya wanyama wa porini, watoto watakipita Kiswahili kama wanavyopita somo lolote lisilowafaa, na waliosema kwamba hii ni lugha ya amri za askari tu watapata la kusema. Lugha hukua kwa kufanyishwa kazi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya. Mosi, mwalimu wa Kiswahili afundishe msamiati wa vipimo na maumbo kama anavyofundisha msamiati wa jikoni, na afanye hivyo wiki ileile ambayo mwalimu wa hisabati anafundisha mada hiyo. Pili, kila mtihani wa shule wenye swali la mcheduara uwe na kipengele kimoja kinachosema: eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini tunazidisha eneo la kitako na kimo, na useme kama jibu lako linaelekea kuwa kweli. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unadai umahiri badala ya kukariri. Basi tuupime umahiri huo. Tatu, idara zetu ziruhusu na zitafute tasnifu zinazochunguza istilahi za hisabati na sayansi madarasani. Ushairi na riwaya tunavipenda, na hakuna anayeviondoa. Lakini lugha isiyoweza kumwambia mtoto pipa lake linachukua lita ngapi haina haki ya kumdai apende mashairi yake.

Watu wa kale walipima kwa kibaba na wakajua kimejaa lini. Sisi tumewapa watoto wa leo kanuni bila chombo, kisha tunawalaumu kwamba hawajui hesabu. Kesho mwalimu mmoja aingie darasani na jerikeni moja, pipa moja na rula. Awaache watoto wapime, wahesabu, wamimine maji na walinganishe. Likikosekana pipa, hata kopo la sokoni linatosha, mradi kwanza alipindue na kukitazama kitako chake.